Mama karudi na begi la dawa za India, anasema ni antioksidanti, na metformin kaacha

Anti shikamoo, pole na kazi. Naomba unisaidie maana nimechoka kubishana na mama yangu mzazi, na kila nikibishana mi ndo naonekana sina adabu.

Nina miaka 33 naishi Tanga. Mama ana miaka 61, ana kisukari huu mwaka wa tisa na presha kidogo, anatumia metformin ya sukari asubuhi na jioni na amlodipine ya presha kimoja kwa siku. Mwezi wa tatu kaka yangu alimpeleka India, Ahmedabad, kwa ajili ya macho, kwa ndani yalikuwa yanavuja damu kwa sababu ya hiyo hiyo sukari, akapigwa laser, tunamshukuru Mungu anaona vizuri. Shida ilianzia kwenye nyumba waliyopanga. Walikaa wiki tano kwa mama mmoja Mgujarati, mjane, umri wa mama, wakapendana sana yani, kila usiku anamletea maziwa ya moto yenye manjano, asubuhi anamlambisha jamu moja nyeusi hivi inanukia iliki na samli, wanakaa barazani wanaongea kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza. Mama tangu baba afariki sijawahi kumwona ana rafiki hivyo.

Basi karudi na begi zima. Kuna unga unaitwa triphala makopo matatu, unga wa amla, juisi ya giloy chupa mbili, kapsuli za ashwagandha, kapsuli za manjano zimeandikwa kurkumini na piperini, ile jamu makopo sita inaitwa chyawanprash, hafu kuna kipakiti cha karatasi kimefungwa uzi, ndani vidonge vidogo vyeusi kama punje za pilipili manga, hakina jina wala maandishi yoyote, alipewa na mzee mmoja tabibu wa kienyeji huko ambaye yule mama mwenye nyumba ndo alimpeleka. Makopo karibu yote yameandikwa antioksidanti, na mama sasa hivi ndo neno lake, ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu antioksidanti. Anasema zinasafisha damu, zinatoa sumu, sukari itaondoka yenyewe.

Juzi nafua nikakuta metformin za wiki tatu zimefungwa kwenye pindo la kanga. Hajazinywa! Nikampima sukari asubuhi kabla hajala, 15.4, na kabla ya safari alikuwa anacheza kwenye 8. Ananiambia ndo sumu inatoka hiyo, tulia. Anaamka usiku mara nne kukojoa, kachoka, na tumbo linamkata anasema ni triphala inafanya kazi. Nilivyomwambia arudie dawa zake akalia, akasema mama mdogo alizinywa hizo hizo metformin miaka kumi na mbili akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu na tukamzika, sasa mi nataka na yeye afe hivyo. Anti nilinyamaza.

Nimefikiria hata kumsagia metformin kwenye uji bila kumwambia. Kaka nae ndo kabisa, anataka nimpe milioni nne tuagize mzigo wa hizo dawa tuuze mjini, anasema watu wa sukari ni wengi na India wanazitumia maelfu ya miaka. Naomba uniambie ukweli, hizo antioksidanti zipo au ni biashara tu? Nizitupe? Naanzia wapi na mama?

Mwenye mawazo, Tanga


JIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na pole ya mama mdogo pia, maana naona huo msiba ndo umekaa katikati ya habari yote hii kuliko hata hayo makopo.

Kabla ya yote, mambo ya kesho asubuhi. 15.4 bila kula, kwa mtu ambaye macho yake yametoka kupigwa laser juzi, hiyo si ya kusubiri mwisho wa wiki. Mpeleke kliniki yake ya sukari, na muombe wampime figo, yani kreatinini, wampime ini, wapime na mkojo. Metformin arudie kwa maelekezo ya daktari baada ya kuona figo, usimpe dozi mbili mbili eti kufidia. Vile vidonge vyeusi visivyo na jina visimame leo hii unaposoma, asimeze hata kimoja tena, lakini usivitupe, nitakwambia kwa nini. Na ukimwona anatapika, anapumua haraka haraka, amepoteza mwelekeo kama mtu wa usingizi, au macho yamekuwa ya njano na mkojo rangi ya chai ya rangi, hapo usingoje asubuhi, ni hospitali usiku huo huo.

Na uji, hapana. Naelewa ulipofika hadi ukawaza hivyo, lakini siku akigundua hatakula tena kitu chochote kutoka mkononi mwako, na metformin zingine ni zile za kuyeyuka taratibu, ukisaga unampa dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Sasa swali lako. Antioksidanti zipo kweli? Zipo, tena nyingi, na mi nimeziona kwa macho yangu.

Nilisoma famasia Pune miaka minne. Kipindi cha baridi kule unakuta mikokoteni barabarani inauza amla, katunda kadogo ka kijani kama ndimu changa hivi, kana mistari, wanakakata wanapaka chumvi na pilipili. Ukikatafuna meno yanakufa ganzi, kachungu, kakali, mdomo unajikunja wote, hafu ukinywa maji baada ya hapo maji yanakuwa matamu kama yametiwa sukari. Ule ukali ndo tanini, na ndani ya tanini humo ndo kuna hizo antioksidanti mama anazozisema, pamoja na vitamini C ambayo amla inayo nyingi kupita chungwa kwa mbali.

Mwaka wa tatu tukapewa kazi ya maabara, kupima nguvu ya amla. Kuna kemikali moja inaitwa DPPH, ukiiyeyusha kwenye methanoli inakuwa zambarau iliyokolea, nzuri kweli, kama juisi ya zambarau zenyewe. Hiyo zambarau inamaanisha ndani mmejaa molekyuli zenye njaa, zimepungukiwa elektroni, ndo hizo wanaziita radikali huru. Ukidondoshea maji ya amla kidogo tu, rangi inaanza kukimbia, zambarau inafifia, inakuwa njano kama mafuta ya alizeti. Unaacha gizani nusu saa unasoma kwenye mashine. Amla yetu iliifuta rangi karibu yote, nikafurahi nikampigia baba simu jioni hiyo hiyo kumwambia nimepata dawa. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole sana, akaniita pembeni akaniambia sasa chukua majani ya chai ya hapo kantini, rudia. Nikarudia. Chai nayo ikafuta. Akaniuliza, hiyo chupa yako ina tumbo? Ina ini? Ina figo? Nikasema hapana. Akasema basi umejua kitu kimoja kuhusu amla, bado hujajua kitu kuhusu mgonjwa.

Hilo swali ndo nataka umpelekee mama, kwa lugha yake na kwa upole.

Maana kwenye chupa ni kweli kabisa. Ni kama ukikata biringanya ukaliacha, linakuwa la kahawia, ile ni hewa inalila, ukikamulia limao linachelewa, limao limefanya kazi ya antioksidanti. Na mwilini mwetu hizo molekyuli zenye njaa zipo, zinatengenezwa kila tunapounguza chakula, na mtu wa sukari anatengeneza nyingi zaidi ya wengine kwa sababu ile glukosi imezidi kwenye damu, na zinachangia kuharibu mishipa midogo ya macho na figo. Kwa hiyo anayemwambia mama kwamba kisukari kina uhusiano na hayo mambo hajamdanganya. Uongo unaingia pale anapoambiwa akimeza unga wa amla zile antioksidanti zitaenda kwenye damu kama zilivyo, zizime moto, sukari iondoke.

Haziendi kama zilivyo. Tanini za amla na za yale matunda mengine ya triphala ni molekyuli kubwa, nyingi hazipiti ukuta wa utumbo, zinafika chini huko kwenye utumbo mpana, bakteria wanazikatakata wanatengeneza vitu vingine kabisa, na watu hatufanani bakteria. Kurkumini ya kwenye manjano ndo usiseme, ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano, na ukiimeza karibu yote inatoka na choo au inavunjwa na ini kabla haijafika popote. Ndo maana hizo kapsuli za mama zimewekwa piperini, ile ya pilipili manga. Kwenye utafiti uliotoka mwaka 1998, watafiti wa Bangalore waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiwango kwenye damu kikapanda asilimia 2000. Inasikika kubwa, lakini ukizidisha kitu kidogo sana mara ishirini bado ni kidogo. Na piperini inafanya hivyo kwa kuuzuia mwili usivunje vitu, haichagui kwamba hiki ni kurkumini na hiki ni dawa ya hospitali, na dawa zingine nazo kiwango chake kinapanda kwenye damu.

Na hata zingefika, mwili hautaki hizo molekyuli zenye njaa ziishe. Chembe nyeupe za damu zinazitumia kama silaha kuulia bakteria. Misuli ukitembea au ukilima inazitoa kidogo, na huo usumbufu mdogo ndo unauamsha mwili utengeneze antioksidanti zake wenyewe kama glutathioni, ambazo zina nguvu kuliko za kwenye kopo. Kule Ujerumani, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2009, walichukua vijana wakawafanyisha mazoezi wiki nne, nusu wakapewa vidonge vya vitamini C na E, na wale wasiopewa ndo insulini yao ilianza kufanya kazi vizuri zaidi, waliopewa hawakupata hiyo faida. Na zamani kidogo Finland, matokeo yalitoka mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara 29,133, waliogawiwa betakarotini, antioksidanti iliyokuwa inasifiwa dunia nzima wakati huo, walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Hakuna aliyetegemea, walitaka kuwasaidia. Mi tangu niisome hiyo, neno antioksidanti kwenye kopo haliniambii kitu tena.

Tufungue begi sasa.

Triphala kwa Kisanskriti maana yake matunda matatu tu, amla, haritaki na baheda, yamekaushwa yamesagwa. Wahindi wanaitumia zamani sana kulainisha choo, na hiyo kazi inaifanya kweli, mwenzangu wa chumba kule Pune alikuwa anakunywa kijiko kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulala na asubuhi mambo yake safi. Akitaka kuitumia hivyo mara moja moja na daktari amekubali, sina ugomvi. Unga wa amla nao ni chakula, kuna tafiti ndogo ndogo zinaonyesha unaweza kushusha sukari na mafuta ya kwenye damu kidogo, ila hiyo "kidogo" kwa mtu wa 15.4 haitoshi, na akirudia dawa akachanganya na amla nyingi, sukari inaweza kushuka ghafla hasa kama daktari atamwongezea kidonge kingine kama glibenclamide. Amwambie daktari.

Giloy, ule mmea unaotambaa, na ashwagandha, ambayo ni mzizi, mi ningeziweka kabatini kabisa na kufunga. Giloy wakati wa korona India watu walikunywa sana kuongeza kinga, na mwaka 2021 madaktari wa ini wa Mumbai wakaandika juu ya wagonjwa wao kadhaa walioumia ini baada ya kuinywa. Wizara ya AYUSH, ndo wizara yao ya tiba asili, ilipinga ikasema giloy yenyewe salama na kwamba kuna mmea unaofanana nayo ndo wenye shida. Sasa we uliye Tanga, chupa mkononi, utajuaje ni mmea upi? Ashwagandha nayo ina ripoti za kuumiza ini, inagusa homoni za tezi ya shingoni na inaweza kushusha sukari, Denmark waliipiga marufuku mwaka 2023. Kapsuli za manjano pia, Italia mwaka 2019 na Australia mwaka 2023 serikali zilitoa tahadhari kuhusu ini, hasa zile zilizotengenezwa zifyonzwe sana kama hizo zenye piperini. Na manjano kwa wingi ina oksaleti, kitu ambacho kikizidi kinaweza kuumiza figo, mtu ambaye figo zake hazijapimwa simshauri. Nazungumzia kapsuli lakini. Manjano ya kwenye mchuzi, kwenye pilau, kwenye yale maziwa ya yule mama, hayo aendelee nayo, maziwa yasiwe na sukari basi.

Na hapo ndo nakuja kwenye ile jamu. Umeandika anailamba, hujaandika vijiko vingapi. Chukua kopo, geuza, soma viungo. Chyawanprash ina amla kweli, ina samli, iliki, mdalasini na miti mingi, ni dawa yao ya kale imeandikwa hadi kwenye vitabu vyao vya tiba kama Charaka Samhita, na ukiionja ni tamu ina raha. Utamu huo ni sukari na asali, na kwenye makopo mengi ya dukani sukari ndo inayoongoza kwa wingi kuliko hata amla yenyewe. Kama mama anapiga vijiko viwili asubuhi viwili jioni, huku metformin iko kwenye pindo la kanga, basi 15.4 haina fumbo lolote. Usimwambie kwa maneno. Siku moja mkiwa wawili mpime kabla, alambe kijiko chake kama kawaida, mpime baada ya saa moja na nusu, mpe mashine aisome mwenyewe. Mi nimeona wagonjwa wengi wanabishana na mtoto, wanabishana na daktari, ile namba hawabishani nayo.

Vidonge vyeusi sasa. Ayurveda, ile tiba asili ya India, ina tawi linaitwa rasa shastra, humo madini yanatiwa kwa makusudi, zebaki, madini ya risasi, aseniki, wanayachoma na kuyasaga mara nyingi wanaamini sumu inatoka. Marekani, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2004, walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston wakapima, 14 zilikuwa na mojawapo ya hayo madini. Kwenye utafiti mwingine uliotoka mwaka 2008 wakaagiza 193 kwa intaneti, kama moja katika kila tano ikawa nayo. Na hizo zilikuwa zina makopo na majina. Chako kimefungwa uzi. Sisemi yule mzee ni mbaya, inawezekana alimpa kwa moyo mweupe kabisa, lakini tumbo la kukata na uchovu ni dalili zinazoendana na sumu ya risasi kama zinavyoendana na vitu vingine, na sukari ya juu, halafu wewe unaambiwa ni triphala inafanya kazi. Kwa hiyo kile kipakiti kiweke kwenye mfuko wa nailoni, kifunge, nenda nacho kliniki, mwambie daktari wazi kwamba mama alikuwa anameza hivi, vingapi kwa siku na tangu lini, muulize kama apimwe madini kwenye damu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kuvichunguza vyenyewe. Piga picha na makopo yote mbele na nyuma.

Sasa mama mwenyewe, na hapa naomba usikilize vizuri mdogo wangu. Mama haziogopi metformin kwa ujinga. Amemwona mdogo wake anazinywa, amemwona figo zinakufa, amemzika, na kichwa cha mtu yeyote kitaunganisha. Wengi wanaokuja dirishani kwangu wana hadithi hiyo hiyo. Mweleze hivi: sukari ndo inatoboa figo, taratibu, miaka na miaka, na presha inasaidia kutoboa. Metformin haiui figo, inatoka mwilini kwa kupitia figo, ndo maana figo zikishachoka sana daktari anapunguza dozi au anaisimamisha ili isijae mwilini. Mgonjwa anasikia "figo zako mbaya, acha metformin", ndugu waliokaa nje kwenye benchi wanasikia "metformin ndo imeharibu figo". Mama mdogo alitangulia kuugua, dawa ikaja kupigana, haikushinda. Mwambie hivyo hivyo. Na kabla hujamwambia mwache aongee kwanza kuhusu mdogo wake, hata kama ni jioni nzima, usimkatishe kwa habari ya dawa.

Na kama anapenda vya miti, mwambie metformin nayo ukoo wake ni mti. Ulaya zamani kulikuwa na majani yanaitwa Galega officinalis watu walikuwa wanayatumia kama dawa, yakakutwa na kemikali inayoshusha sukari ila ina sumu, wanakemia wakatafuta ndugu yake asiye na sumu hiyo, na daktari mmoja wa Ufaransa, Jean Sterne, akaanza kuwapa wagonjwa wa sukari akaandika matokeo mwaka 1957. Tofauti yake na unga wa kwenye kopo ni kwamba ile tunajua kuna miligramu ngapi ndani ya kila kidonge, na imefuatiliwa kwa watu wengi kwa miaka mingi kuona nani kafa, nani kapofuka, nani kapona.

Kuna mtu mmoja ambaye mama atamsikiliza kuliko mimi na wewe, yule rafiki yake wa Ahmedabad. Muombe kaka ampigie video kwa wasap, mama akiwepo. Amuulize pale mtaani kwao watu wa sukari wanatumia nini. India utafiti mkubwa wa taifa uliotoka mwaka 2023 ulikadiria watu milioni 101 wana kisukari, katika nchi ambayo amla inauzwa kwenye mkokoteni na manjano inaingia kila sufuria, na wao wenyewe wanapanga foleni famasia kununua metformin, nimeshika hizo foleni wakati wa mafunzo. Yule mama akisema kwa mdomo wake "dada, kunywa dawa yako na maziwa yangu", umemaliza. Tena waachie waongee hata bila habari ya dawa. Umeandika hujawahi kumwona na rafiki tangu baba yenu aondoke, mi naona sehemu ya nafuu aliyorudi nayo ni huyo, na mama akiona mnataka kumnyang'anya makopo anaona mnamnyang'anya na yeye.

Ndo maana sisemi utupe begi. Ukitupa atanunua tena kwa siri, na ya siri ndo mbaya. Kaeni wote mezani mgawanye: hivi vya jikoni, hivi vya kumuuliza daktari, hivi havinywewi. Mwache yeye ndo ashike kalamu aandike kwenye makopo.

Kaka mwambie hela huna. Dawa za aina hiyo kuingiza nchini zinahitaji kibali cha TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosimamia hizo tiba, si kubeba kwenye begi na kupanga mezani. Lakini hata vibali vikipatikana, muulize swali moja tu, mteja wa kwanza akija na sukari 15 ameacha dawa zake kwa sababu ya neno alilosoma kwenye kopo lenu, atamwambia nini? Mama yenu ndo huyo mteja wa kwanza, yuko sebuleni.

Kliniki wakishampa mpango mpya, mpime asubuhi kila siku wiki mbili, andika kwenye daftari pamoja na alichokula na alichomeza, chochote kile hata cha India. Macho yake yaangaliwe tena pia, usisubiri alalamike. Niandikie ukipata majibu ya kreatinini, na uniambie kwenye ile chyawanprash sukari imeandikwa ya ngapi.

Anti wa dirisha la dawa